Destroyer kwa Kiswahili: manowari gani, na mharibifu wa nini?

Swali la msomaji: Natafsiri habari za kimataifa na maandishi ya filamu. Neno la Kiingereza destroyer linanitesa. Nikiandika "mharibifu wa Marekani amewasili Ghuba", mhariri anacheka. Nikiandika "manowari ya Marekani", ananiuliza ni manowari ya aina gani. Pengine destroyer ni mtu, pengine ni mungu, pengine ni mdudu wa shambani. Nishike neno lipi?

Jibu: Ndugu yangu, mhariri wako yuko sawa mara zote mbili. Tatizo si umaskini wa kamusi yako. Kiingereza kinamruhusu mharibifu asimame peke yake bila kutaja anachoharibu, lakini Kiswahili hakimpendi mtu huyo. Sisi tunasema mvunja nchi, mla watu, mkata tamaa, mchimba kisima, na kitu chake kinamfuata papo hapo. "Mvunja nchi ni mwananchi", walisema wazee. Hawakusema "mvunjaji ni mwananchi", kwa kuwa msikilizaji angebaki anauliza: mvunjaji wa nini? Basi kabla hujaandika chochote, tafuta kinachoharibiwa. Ukikipata, neno la Kiswahili huja lenyewe.

Tuanze na meli, maana ndiyo inayokuletea aibu kwenye vichwa vya habari.

Mwaka 1866 mhandisi Mwingereza Robert Whitehead, akifanya kazi katika mji wa Fiume, ambao leo ni Rijeka nchini Croatia, alitengeneza torpedo, yaani bomu linalojiendesha lenyewe ndani ya maji. Hapo hesabu ya vita vya baharini ikavurugika. Boti ndogo ya bei nafuu iliweza kusogea usiku, ikafyatua, ikazamisha manowari iliyojengwa kwa miaka na kwa mamilioni. Uingereza ikawa na boti yake ya kwanza ya namna hiyo, Lightning, mwaka 1876, na mataifa mengine yakafuata. Swali likawa: nani atazikimbiza boti hizi kabla hazijafika? Wahispania walijibu mapema. Meli yao iliyoitwa Destructor, iliyobuniwa na afisa Fernando Villaamil, ilishushwa majini Clydebank, Scotland, mwaka 1886. Waingereza, chini ya msukumo wa afisa wao wa jeshi la wanamaji Jackie Fisher, waliagiza za kwao mwaka 1892, na Havock na Daring zikashushwa majini mwaka uliofuata. Zilikuwa vitu vyembamba, Havock haikufika hata tani 300, lakini ilikimbia kiasi cha maili za baharini 26 kwa saa na ilibeba mizinga midogo pamoja na torpedo zake yenyewe.

Jina lake rasmi lilikuwa refu: torpedo boat destroyer, yaani kiangamiza boti za torpedo. Hilo jina lilikuwa na akili. Kilichokuwa kikiangamizwa kilitajwa. Baadaye meli hizi zikachukua hata kazi ya zile boti zilizotumwa kuziwinda, boti zenyewe zikapungua thamani, na mabaharia wakafupisha jina. Likabaki kisiki: destroyer. Kwa hiyo unapotafsiri neno hili kama "mharibifu" unatafsiri kisiki ukidhani ni mti.

Angalia majirani walivyofanya. Waitaliano husema cacciatorpediniere, mwindaji wa boti za torpedo. Waholanzi wana torpedobootjager, maana ile ile. Wareno wana contratorpedeiro, na Wafaransa walikuwa na contre-torpilleur. Hawa wote wamekihifadhi kitu kinachowindwa. Wajapani waliiita kuchikukan, meli ya kufukuzia. Wajerumani ndio waliofuata Waingereza kwa Zerstörer, na Waarabu kwa mudammira, ambalo ni jina la mtendaji katika jinsia ya kike kwa sababu safina, yaani meli, kwao ni ya kike. Hapo ndipo penye mtego kwa wanaotafsiri kutoka vyombo vya habari vya Ghuba: mudammira kwa Kiarabu ni istilahi iliyokomaa ya kijeshi, lakini ukiibeba moja kwa moja unapata "meli haribifu", na msomaji wa Tanga atadhani ni meli iliyomwaga mafuta baharini.

Sasa manowari. Neno hili limetoka kwenye man-of-war, jina la meli yoyote yenye mizinga tangu enzi za matanga. Kwa hiyo manowari ni jina la jumla, kama vile gari. Destroyer ni manowari, lakini si kila manowari ni destroyer, na historia ya pwani yetu inaonyesha hilo vizuri. Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri ya Sultani Khalid bin Barghash Unguja kwa muda usiotimia saa nzima, walikuwa na manowari tano: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Hakuna hata moja iliyokuwa destroyer. Zilikuwa kruza (kwa Kiingereza cruiser, manowari za safari ndefu) na boti za mizinga. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani ilipoishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja ikaizamisha, zote mbili zilikuwa kruza. Nimeona zaidi ya mara moja watafsiri wakiweka "destroya" kwenye habari hizi ili zisikike za kisasa. Usifanye hivyo. "Manowari" inatosha, nayo ndiyo neno ambalo watu wa Unguja wenyewe wangelitumia.

Kwa habari za leo, fanya hivi. Kwanza jiulize kama aina ya meli ina uzito wowote katika habari. Mara tisa kati ya kumi haina. Chukua kisa cha Aprili 2009. Maharamia waliiteka meli ya mizigo Maersk Alabama tarehe 8, ikiwa safarini kuja Mombasa na chakula cha msaada. Wakaondoka na nahodha Richard Phillips katika boti ya kuokolea, na tarehe 12 walenga shabaha waliokuwa kwenye USS Bainbridge wakawaua maharamia watatu, nahodha akaokolewa. Kwa msomaji wa Mombasa yatosha kuandika: "Manowari ya Marekani, USS Bainbridge, iliifuata boti ile." Jina la meli limeshaibainisha. Hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Aina ikiwa na uzito, kwa mfano habari inalinganisha idadi ya destroyer na frigate (manowari ya ulinzi, kwa kawaida ndogo kuliko destroyer) za nchi mbili, ndipo uandike "manowari ya aina ya destroya" mara ya kwanza, kisha "destroya" peke yake. Destroya iingie ngeli ya manowari: destroya hii imetia nanga, destroya hizi zimetia nanga. Frigate iandike frigeti, na cruiser iandike kruza. Mara ya kwanza ongeza maneno machache ya kazi yake: "destroya, manowari ya mwendo kasi inayolinda msafara dhidi ya ndege, makombora na nyambizi". Maneno hayo machache yanamsaidia msomaji kuliko tafsiri yoyote ya neno moja, maana ndiyo kazi ya meli hii leo. Boti za torpedo zilizokuwa zikiwindwa zimesahaulika.

Ukitaka kuhakiki aina, usitegemee mwandishi wa shirika la habari; soma namba rasmi ya meli. Marekani huanza na DD kwa destroyer, DDG kwa yenye makombora ya kuongozwa, FFG kwa frigeti, CG kwa kruza. Bainbridge ni DDG-96. Uingereza huandika D au F: HMS Daring ya kizazi cha sasa ni D32. Lakini herufi nazo zina ujanja. Wafaransa huiita manowari yao Aquitaine frégate huku ubavuni imeandikwa D650, hivyo mtafsiri wa Lubumbashi anayesoma Kifaransa na mwenzake wa Nairobi anayesoma Kiingereza wanaweza kupata aina mbili kwa meli moja. Zumwalt ya Marekani inaitwa destroyer ilhali ina uzito unaozidi tani 14,000, mkubwa kuliko kruza zao za daraja la Ticonderoga. Izumo ya Japani ina urefu wa mita 248 na sitaha bapa ya kutulia helikopta, nayo imekuwa ikiandikwa destroyer kwa Kiingereza, ilhali kwa Kijapani ni "meli ya ulinzi". Jina la aina ya manowari ni uamuzi wa serikali, na mara nyingi ni uamuzi wa bajeti na siasa kuliko wa mhandisi. Wewe fuata jina ambalo nchi yenye meli inalitumia, basi.

Kwa ukubwa, destroya ya kawaida ya leo, kama zile za daraja la Arleigh Burke zilizoanza kazi mwaka 1991, ina urefu wa takriban mita 155, uzito kati ya tani 8,000 na 10,000, mwendo unaozidi maili za baharini 30 kwa saa, na mabaharia wapatao 300. Kwa hiyo usiandike "boti", na usiandike "kijimeli". Kinyume chake, KNS Jasiri ya jeshi la wanamaji la Kenya, yenye makao Mtongwe, ni meli ya doria. Kuiita destroya ni kuipa cheo isichokuwa nacho, ingawa kuiita manowari ni sawa kabisa.

Kosa moja kubwa zaidi: "manowari ya maangamizi". Inasikika vizuri, na ndiyo sababu ni hatari. Kiswahili cha habari tayari kina "silaha za maangamizi" kwa nyuklia, kemikali na vijidudu. Ukiandika manowari ya maangamizi umeshaiambia dunia kwamba meli imebeba nyuklia. Vivyo hivyo "manowari angamizi". Mtu akikushauri hivyo kwa kuwa sarufi inaruhusu, mwambie sarufi inaruhusu mengi.

Kuna tukio moja ambalo linaonyesha kwa nini neno la kuharibu halitoshi kwa meli hizi. Februari 1944 msafara wa meli za askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga Khedive Ismail kwa torpedo mbili, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Msafara ulilindwa na kruza Hawkins na destroya mbili, Paladin na Petard. Destroya hizo ziliachia mabomu ya kulipuka chini ya maji huku manusura wakielea juu yake, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha hapo hapo, na meli nyingine za askari zilikuwa bado hatarini. Nyambizi ilipoibuka zikaipiga kwa mizinga, na mwishowe torpedo ya Petard ikaimaliza. Sasa andika sentensi hiyo ukitumia "waharibifu wawili" uone. Msomaji hatajua ni nani aliyekuwa adui. "Destroya mbili za ulinzi wa msafara" inamwonyesha kila mtu mahali pake, na ukali wa uamuzi wao unabaki ulivyo.

Vitenzi navyo viangalie. Kiingereza hutumia destroyed kwa kila kitu. Sisi hatufanyi hivyo. Ndege na kombora hutunguliwa. Meli huzamishwa, na ikiwa bado inaelea basi imeharibiwa tu. Daraja na jengo hubomolewa. Mji huteketezwa ukiungua. Jeshi husambaratishwa au huangamizwa. Ukiandika "manowari imeharibiwa" kwa meli iliyokwisha zama, umepunguza habari, kwa sababu kwetu kilichoharibika kinaweza kutengenezwa. Gari likiharibika tunaita fundi.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa upande wa pili wa swali lako, yaani watu na vitu. Kuharibu ni kuondoa ubora au kazi, kitu kikabaki kipo. Neno lenyewe ni la Kiarabu, mzizi wake ni ule wa magofu, na gofu bado lina kuta. Kuangamiza ni kufuta kabisa. Kuteketeza ni kumaliza kwa moto mpaka majivu: Kenya ilipochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, pembe ziliteketezwa. Hakuna mhariri ambaye angekubali "ziliharibiwa". Kubomoa ni kwa kilichojengwa. Kwa bahati, hapo Kilatini kinakaribiana nasi: destruere, asili ya destroyer, ni kinyume cha kupanga na kujenga, kama sisi tunavyogeuza panga ikawa pangua na jenga ikawa jengua.

Kwa hiyo, mdudu wa shambani ni mdudu mharibifu, wingi wadudu waharibifu, na hakuna haja ya kutafuta zaidi. Maafisa ugani na wakulima wote wanalielewa. Hapo mharibifu anaweza kusimama bila kutaja mazao kwa sababu mdudu na shamba vimeshasema. Anayekata misitu au kutiririsha sumu mtoni ni mharibifu wa mazingira. Programu inayofuta mafaili ni programu haribifu.

Anayemaliza fedha si mharibifu. Akimaliza zake mwenyewe kwa anasa ni mfujaji. Akimaliza za umma ni mbadhirifu, neno linalobeba pia lawama ya dini, maana wabadhirifu katika Kurani wanaitwa ndugu wa mashetani. Akiziiba kwa njia za ofisi ni fisadi. Asili ya fisadi ni uharibifu na kuoza, na wazee wa pwani walilitumia zaidi kwa mtu mwovu wa tabia, hasa anayechezea wake za watu, kabla siasa za Tanzania za miaka ya 2000 hazijalifanya la wala rushwa wakubwa. Ukitafsiri maandishi ya zamani, usiruke haraka kwenye rushwa. Wingi wake ni mafisadi, lakini upatanisho ni wa watu: mafisadi wamekamatwa.

Anayebomoa kazi kutoka ndani, kwa siri, ni mhujumu. Asili yake ni hujuma, yaani shambulio. Tanzania ilipotunga sheria dhidi ya uhujumu uchumi mwaka 1983, neno likapata rangi ya mahakama ambayo halijaipoteza. Usimwite mtu mhujumu uchumi kwa sababu ameuza bidhaa mbovu. Hilo ni kosa la jinai kwa jina lake, na mwanasheria wake atakupigia simu.

Mtego mwingine uko kwenye nyumba. Filamu ina mwanamke anayeitwa kwa Kiingereza mvunja nyumba, kwa maana ya anayetenganisha mume na mke. Ukiandika "mvunja nyumba", umemwita mwizi. Kuvunja nyumba ni lugha ya polisi. Andika mvunja ndoa. Na mwenye tingatinga ni mbomoaji. Mtu mmoja wa Kiingereza, watu watatu wa Kiswahili.

Zingatia pia umbo la neno. Kitu kikitajwa papo hapo, kitenzi hubaki na -a: mvunja ndoa, mbomoa daraja. Kisipofuatana moja kwa moja, chukua -aji na kiunganishi: mbomoaji wa madaraja. Mvunjifu ni mwenye tabia hiyo, ndiyo maana polisi husema mvunjifu wa amani. Na kifaa kipewe ki-: kiangamiza, kiteketezi. Zamani Waingereza waliita tanuri la kuchomea taka destructor. Kwetu ni tanuri la taka, yaani kazi yake imetajwa na mambo yamekwisha.

Imebaki miungu na mauti. Huko mwangamizi ndiye anayetawala. Shiva wa Wahindu, katika utatu wa Brahma na Vishnu, ni Mwangamizi, kwa herufi kubwa. Maneno ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, ambayo mwanafizikia wa bomu la atomiki Robert Oppenheimer aliyakumbusha kwenye televisheni mwaka 1965 alipozungumzia jaribio la bomu la Julai 1945 yanakaa hivi: "Sasa nimekuwa Mauti, mwangamizi wa malimwengu." Ukiweka "mharibifu wa dunia" utamleta yule mchafuzi wa mito kwenye mstari ambao haumhitaji. Kwa ukamilifu, neno la Kisanskriti alilolitolea "Mauti" ni kala, ambalo maana yake ya msingi ni wakati. Ukitafsiri Gita yenyewe, fikiria "Wakati". Ukitafsiri Oppenheimer, bakiza Mauti, kwa sababu ndivyo alivyosema yeye.

Katika Biblia ya Union, barua ya kwanza kwa Wakorintho 10:10, walionung'unika jangwani waliharibiwa na mharabu. Ni neno zuri, zito, la kale. Kwenye ukurasa litumie ukitaka sauti ya maandiko. Kwenye filamu inayosomwa kwa sauti liache kabisa, maana sikio la wengi litasikia Mwarabu, na hapo utakuwa umezua ugomvi ambao mwandishi wa filamu hakuuwaza. Kwa Waislamu, hadithi inayohimiza kuyakumbuka mauti huyaita kwa Kiarabu hadhim al-ladhat. Hapo usiandike mwangamizi wala mharibifu. Ladha hukatwa, kwa hiyo ni mkata ladha.